Taa ya Sebuleni na Jicho la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe, Mama Nzisa, yuko kwetu Mugutha tangu apasuliwe jicho Thika. Watu humhurumia mwanamume wa hali yangu. Wasijisumbue. Tangu aje, nakula chapati katikati ya wiki, na mke wangu Kavata ananiita Baba Mwelu kwa sauti ya kanisani.

Leo balaa. Sisi Wakamba wa zamani, mkwe na mama mkwe hatusemezani ana kwa ana. Akamtuma Kavata: mwambie mwenye nyumba taa ya sebuleni ni nyeupe kama ya zahanati, inanichoma jicho, Ijumaa narudi Kalimoni. Na daktari anataka kumwona Jumatatu! Akishawafikia mbuzi wake, nani atamtoa? Kavata akasema jicho likiharibika tutajuana. Nami naogopa, sikatai. Nikajibu waniachie mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepaka kifuniko cha taa manjano ya pilau. Rangi safi kabisa. Ikakauka, ikaanza kudondoka. Mama mkwe kapiga chafya mfululizo, na chafya ndiyo daktari alikataza. Kavata kafungua madirisha yote. Jirani yetu Kagwe akabisha hodi kuuliza pilau imeiva lini na mbona hakuitwa.

Alhamisi, 6 Machi
Kagwe kaniazima ngazi, akauliza kama nimewaaga watu wangu. Jirani mwema, hata hivyo. Nikazima stima. Mama Nzisa akahamia jikoni, maana mkwe hasimami juu ya kichwa cha mama mkwe.

Nikaosha manjano, nikaifungua taa. Kumbe nyuma kuna kiswichi kidogo chenye namba: 3000, 4000, 6500. Kilikuwa katikati. Kagwe akasema hilo ni joto la rangi. Hapo sikuhitaji mwalimu. Moto ni wa njano, basi joto likizidi, njano inazidi. Nikasukuma hadi 6500, nikarudisha stima.

Sebule ikawa kama radi iliyosahau kuondoka. Hata Kagwe alifunika macho. Kutoka jikoni nikasikia zipu ya begi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepanda tena asubuhi, nimekata tamaa. Nikaona heri nishushe kiswichi hadi namba ya chini, taa iwe hafifu, mama wa watu anywe chai ya kuagana bila maumivu. Nikawasha. Mwanga wa njano, mtamu, kama jiko la makaa. Nikabaki juu ya ngazi kama kuku aliyenyeshewa.

Mama Nzisa akavua miwani yake myeusi. Kavata akaniletea ujumbe kutoka hatua mbili: mkwe wangu ana kichwa, nitakaa. Chapati za leo atapika mwenyewe. Nikajibu, kupitia Kavata, kwamba ilikuwa hesabu tu.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari ameridhika. Jicho linaona hadi sindano. Kavata kanishika mkono mbele ya watu. Asante Mungu, sina lingine.

Ila bila ngazi ya Kagwe ningekuwa wapi? Ana mbuzi mzima kwenye friji, wageni wa posa ya binti yake wanakuja kesho, na juzi alilalamika nyama haigandi vizuri. Jioni nimerudisha ngazi. Alipoingia kuoga nikachungulia friji: kitufe chake cha baridi amekiweka kwenye saba, mwisho kabisa. Watu hawajui mambo ya joto. Namba ndogo ndiyo yenye kazi. Nikakiteremsha hadi moja.

Friji ikaacha kunguruma papo hapo, imetulia kabisa. Sijamwambia. Wacha ajionee mwenyewe kesho.