Kalibu ya Kopo Lenye Chunjua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mashine mpya imefika kiwandani. Nyeupe pee! Ina mkono wa chuma unaotoa vyombo, ina jicho la kuvikagua, na ina mlango wa kioo ambao hairuhusiwi kuuegemea. Nimeuegemea. Ikapiga yowe mpaka watu wa ofisini wakatoka.

Meneja ameisifia hadi koo likamkauka. Kisha akasema, kama mtu anayeaga kwenda chooni, kwamba mashine yetu kuukuu, Bibi, itauzwa chuma chakavu Ijumaa pamoja na kalibu zake. Nikauliza, hata kalibu ya kopo? Akajibu hasa hiyo. Nani siku hizi anataka kopo lenye chunjua?

Nani! Meneja wa juzi huyu. Pande lile la chuma ndilo lililoogesha mji mzima. Plastiki ya moto inaingia, linatoka kopo, na kila kopo lina chunjua kwenye mkono, pale kidole gumba kinapokaa. Ukiamka gizani unalijua kopo lako kwa kulipapasa.

Na Mama Watoto je? Alikuwa akikaa mdomoni mwa Bibi na kisu chake, anakata mabaki kwenye kingo. Mimi natoa kopo la moto, nampa. Hatukupata hata nafasi ya kuulizana hali, Bibi alikuwa mwepesi mno enzi hizo. Basi nikawa namsingizia Bibi amekwama. Msimamizi anamtukana Bibi, mimi na binti huyo tunazungumza. Bibi hakunichongea hata siku moja. Leo ndiyo nimwache auzwe kwa kilo? Thubutu!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: kuificha kalibu. Rahisi kama kunywa maji.

Nimeazima kitoroli cha Mtunza Stoo bila kumsumbua kwa kumuomba. Nikapakia kalibu, nikaifunika turubai, nikaisukuma hadi nyuma ya stoo. Nikakaa juu yake kama mtu anayepunga upepo.

Kitoroli kikavunjika. Mimi juu.

Mtunza Stoo akaja mbio. Huyu mtu hanipendi tangu zamani, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa akipita pita karibu na meza ya Mama Watoto akijidai anatafuta spana. Akaniuliza nini hiki. Nikasema spea ya jenereta. Akafunua turubai, akacheka, akaenda moja kwa moja kwa Meneja. Mbea mkubwa! Kalibu imerudishwa kwenye rundo la chakavu. Kiuno kinaniuma.

Mama Watoto ameniuliza nimeangukia wapi. Nimesema kazini. Si uongo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili. Huu sasa ndio wenyewe.

Kesho asubuhi Meneja ana mkutano mjini. Tutaifunga kalibu kwenye mashine mpya, tutatoa makopo kwa mamia, tutayapanga getini. Meneja akirudi atakuta umati unayagombania. Atanyoosha mikono mwenyewe!

Tatizo ni Glavu. Ndiye fundi wa mashine mpya, binti aliyesomea mambo hayo, na glavu zake nyeupe hazimtoki mikononi. Ameniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu, akakataa vizuri vilevile. Nikaanza habari za Mama Watoto na Bibi kukwama. Akaacha kubonyeza vitufe. Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa akimwogeshea kopo la namna hiyo, jekundu. Alikuwa mdogo, halikuwahi kufika mkononi mwake, analikumbuka kwa maji tu.

Akakubali! Lakini akaniomba nimwambie ukweli: kopo lina kasoro yoyote? Maana jicho la mashine lazima lielezwe mapema lipitishe nini na likatae nini. Nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba kopo lile halina ila hata moja.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya ushindi. Nilivyodhani.

Kalibu imeingia kwenye mashine kama imezaliwa humo. Glavu akawasha, akaitwa idara nyingine, na mimi nikaenda getini kupanga meza. Nimeandika ubao: KOPO LIMERUDI. Mama Watoto nilimwambia aje, na avae vizuri. Watu wakasimama kutazama. Mama mmoja mzee akaniuliza kama ni lile lenye chunjua. Nikasema ndilo lenyewe, mama, subiri kidogo. Ndani mashine inaimba, nami natembea huku na huku mikono nyuma. Hata Mtunza Stoo nimempungia.

Nikaingia na kikapu kuchukua mzigo. Hakuna mzigo. Sakafu imefagiliwa, safi. Kopo hata la dawa!

Nikachungulia kwenye kioo. Mkono wa chuma unatoa kopo, unalionyesha jicho. Jicho linaona chunjua. Taa nyekundu. Kopo linatumbukia kwenye kisagio, krrr, linakuwa chenga, chenga zinavutwa na bomba kurudi juu, zinayeyuka, zinatoka kopo. Taa nyekundu. Krrr. Asubuhi nzima tumetengeneza makopo yaleyale!

Mtunza Stoo amecheka mpaka akakaa chini. Meneja naye amerudi mapema, wenye bahati mbaya hatukosi sherehe. Akaniuliza tumezalisha nini. Nikasema makopo mengi sana. Akauliza yako wapi. Nikamwonyesha kisagio.

Amesema kuanzia Jumatatu mimi ni wa kufagia. Nimejikaza. Nimeumia lakini, sitaficha.

Kabla mashine haijazimwa, Glavu alirudi, akafungua mlango wa kioo, akanyakua kopo moja la moto, akaenda nalo getini. Glavu yake moja imeungua. Akampa Mama Watoto kwa mikono miwili.

Mama Watoto akaweka kidole gumba kwenye chunjua. Akalipapasa. Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia tangu tuoane. Kwamba alijua Bibi hakukwama hata siku moja. Mashine iliyokwama ina mlio wake, na ule haukuwepo. Na kwamba hata yeye kisu chake kilikuwa kikali, alikuwa akikata polepole makusudi.

Nimelia getini, mbele ya Mtunza Stoo. Na acheke.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Gari limekuja. Wamembeba Bibi kwa mnyororo, kalibu juu yake. Nimempungia mpaka vumbi likatulia.

Mama Watoto akanituliza. Akasema kopo tunalo, maneno tumeshaambiana, mimi na yeye tupo. Chuma cha nini tena, baba? Yaliyopita si ndwele.

Maneno ya busara. Nimemwelewa kabisa. Nimeacha mambo hayo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo nimepita kwa muuza chuma chakavu. Nimepita tu, ni upande wa pili wa mji.

Mtu mwenye roho nzuri. Hataki fedha, anapokea chuma kwa chuma, uzito kwa uzito. Kalibu sasa iko sebuleni kwetu, nimeitandikia kitambaa cha meza, kopo liko juu yake. Inapendeza!

Mama Watoto ameniuliza geti letu liko wapi. Nikamweleza. Akaniangalia, akaangalia kuku wa jirani wanaozunguka uani kwetu, akaenda kulala mchana huu. Mlangoni nikamwona anacheka kwa siri, au analia. Nadhani anacheka.

Lakini kalibu bila mashine ni bubu. Na Bibi bado yuko kule, nimemwona kwa macho yangu, amekalishwa juani hana hata turubai. Muuza chuma anasema ni mzito, geti moja halimtoshi.

Nimekaa hapa chumbani namtazama Mama Watoto alivyolala. Kitanda chetu ni cha chuma.