Wodi Iliyoanza Mara Tatu

Umma ulitangaziwa kwamba wodi mpya ya wazazi ingeanza rasmi, kwa mara ya nne.

Kijana aliyeandika tangazo hilo alikuwa na cheo kizito: Afisa wa Maneno ya Mianzo. Kazi yake ilikuwa kumtafutia Mkurugenzi wa hospitali neno jipya la Kiingereza kwa kila sherehe. Alianza na “launch”. Ikaja “kick-off”, Mkurugenzi akapiga mpira na kiatu kikamvuka. Ikafuata “inauguration”. Kila neno lilipata jukwaa lake, utepe wake na mapochopocho yake. Mlango ulibaki na kufuli, na wanawake wakaendelea kujifungulia kwenye korido, nyuma ya shuka.

“Mwanangu,” mkunga alimwambia, “kwenye hayo maneno yako hakuna la kufungulia mlango?”

“Lipo, mama. Linasubiri kibali.”

Kijana aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Siku moja alithubutu kumuuliza Mkurugenzi, “Mzee, tukisema ‘kufungua’ tu?”

“Halina hadhi. Hata mwenye kibanda cha vocha anafungua.”

Basi likachaguliwa “commencement”. Mkesha wa sherehe, kijana alikuwa anafunga utepe mlangoni gari la Mkurugenzi lilipoingia kwa kasi. Mkurugenzi alishuka akimshika mkono binti yake, aliyekuwa amejikunja kwa uchungu.

“Fungua,” alimwambia mlinzi.

“Shikamoo, mzee. Wodi imeshapata launch, kick-off na inauguration. Commencement ni kesho, na amri uliitoa mwenyewe.”

“Nimesema fungua.”

“Neno hilo halina kibali, mzee.”

“Baba,” binti alisema kwa meno yaliyoumana, “huyu mtoto hajui Kiingereza.”

Kijana alitazama mkasi mkononi mwake. Akakata utepe. Hakuna aliyepiga makofi. Mlinzi, alipoona mwanzo umekwisha kutokea mbele ya macho yake, akatoa ufunguo.

Mkunga alimwingiza binti, kisha akachungulia nje. “Babu mtarajiwa, maji.”

“Bomba si lipo humo ndani?”

“Lipo. Limefungwa utepe, ila halijaunganishwa. Mpango wake bado uko kwenye ‘inception’.”

Mkurugenzi alimgeukia kijana kama kawaida yake, akisubiri neno. Kijana aliinama kando ya mlango. Akamkabidhi ndoo.