Jinsi Sauti ya Nne ya Lituhi Ilivyosikika Litembo

Zimeni redio zenu, enyi wa milimani mnaoanika kahawa, nanyi wa mwambao wa Nyasa mnaoanika dagaa wa usipa. Na mwenye mashine ya kusaga aipumzishe kidogo. Naleta habari za Wendelin mwana wa Aidan, mwenye kifua kama pipa, dereva wa pikapu ya samaki, nguzo ya sauti ya nne, yaani besi, katika kwaya ya kigango chake huko Lituhi, na za vita alivyopigana Jumamosi nzima juu ya nyaya za shaba.

Vita hivyo vilizaliwa na tusi. Katika miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na spika zilizochakaa katika magari ya ng'ambo zikapanda milima hadi soko la Mbinga, kwaya ya Wendelin nayo ilirekodi kanda yake. Wanawake walisikika vizuri. Lakini wanaume wanne wa besi, Wendelin akiwa mbele yao, hawakusikika hata kidogo, maana redio ndogo za vijijini hazina koo la kutolea sauti nzito. Ndipo Notburga, mwalimu wa kwaya ya Litembo, mwanamke mwenye sikio lisilosamehe, akasema mbele za watu kwamba wanaume wa ziwani hufungua vinywa kwa adabu tu, kama samaki. Neno hilo likashuka mlima upesi kuliko gari lolote, likamkuta Wendelin akipakia usipa, na tangu saa ile ugali ukawa mchungu kinywani mwake.

Kwaya hizo mbili zilikuwa zikutane Litembo Jumapili ya Pentekoste. Wendelin akauza mbuzi wawili, akanunua sabufa mbili, spika za sauti nzito, pana kama ungo na amplifaya yenye mbavu za chuma, akazifunga garini kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa aliwahi kufunga taa ya breki na aliona elimu hiyo yatosha.

Jumamosi asubuhi akaing'oa pikapu kuelekea Mbinga, akaweka kanda. Sopurano wakapanda, alto wakafuata, na besi walipovuta pumzi ili waingie, amplifaya ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Akaizima, akaiwasha. Besi wakavuta pumzi, ikanyamaza. Mara tatu alishambulia, mara tatu akarudishwa nyuma, na mara ya nne fyuzi ikakatika kwa harufu chungu. Wendelin akakaa nyuma ya usukani akiwaza kwamba hata mashine imekwenda upande wa Notburga.

Alipofika mjini akasimama mbele ya kibanda cha Ida binti Gertruda, fundi redio, aliyemwamkia shikamoo bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Wendelin akatoa hotuba ndefu juu ya kona alizozipita na heshima ya wanaume wa mwambao, kisha akamaliza: "Mwanangu, sikuja kufundishwa. Nimekuja kuazima bisibisi."

"Bisibisi nitakupa, baba," Ida akasema, akiwa tayari ameinama juu ya zile nyaya. "Lakini kila sabufa ina koili mbili ndani yake, kila koili ina ukinzani wa omu nne, nawe umezipanga zote nne bega kwa bega. Hapo zimekuwa omu moja. Namba ikishuka, mzigo unapanda. Mashine hii imeandikwa tumboni kwamba haibebi chini ya nne. Haijaharibika, baba. Inajiokoa."

Wendelin akaigeuza amplifaya. Maneno yalikuwapo, wazi kama mchana, upande ule alioubana yeye mwenyewe kwenye ubao. Moyo ukamwambia ateremke kwao na kusema gari limekataa. Lakini alipowaza kushuka mlima akiwa bubu, akapiga magoti kwenye vumbi la soko, akaomba aelekezwe, ila kazi aifanye kwa mkono wake.

Basi akavua nyaya zote. Ndani ya kila sabufa akazifuatanisha koili mbili, moja nyuma ya nyingine, ikawa omu nane. Kisha sabufa zenyewe akaziweka sambamba, nane kwa nane, zikarudi kuwa nne. Waya ukamchoma kidole, damu ikatoka tone moja, naye hakuifuta. Ida akagusisha mita yake. Sindano ikayumba, ikatulia karibu na nne.

"Zimepatana," akasema, akatia fyuzi mpya.

Jumapili baada ya misa, Wendelin akaegesha pikapu uwanjani Litembo, milango wazi, akaweka kanda mbele ya kwaya mbili na waumini wote. Sopurano wakapanda, alto wakafuata. Taa ikabaki ya kijani. Na besi wakaingia: vioo vikalia, kuku wakahama, kahawa ikaruka mkekani, na mzee mmoja akavua kofia akidhani maandamano yamefika. Notburga alisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

"Baba Wendelin," akasema, "nimewasikia. Mmechelewa kuingia pigo moja, na ubeti wa tatu mmeshuka chini ya noti."

Watu wakamtazama shujaa.

"Mama, hebu rudia lile neno la kwanza."

"Nimewasikia."

"Basi, asante."

Na iandikwe hivyo kwa ajili ya vizazi: Jumapili ile, saa tano kasoro robo, mbele ya mashahidi wasiopungua mia, sauti ya nne ya Lituhi ilisikika Litembo, imechelewa, imeshuka, na hakuna aliyeweza kusema haikuwapo.