Nguo Safi za Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa anakuja Mwekezaji. Mapato yakiwa yameongezeka maradufu, anatutilia mtaji mwingine. Yasipoongezeka, basi tena. Nina kampuni ya kufua nguo: mteja anaagiza kwa simu, sisi tunachukua, tunafua, tunarudisha. Yaani nguo anafua dada yangu, kampuni ninayo mimi. Wateja wake wa zamani nilimwachisha mwezi uliopita, walikuwa wanachelewesha maendeleo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda ghorofa ya juu kwa jirani anayeuza kalenda za kwenye simu. Naye anatiliwa mtaji na Mwekezaji huyuhuyu. Tumeelewana: yeye anafulisha kwangu, mimi nanunua kalenda kwake. Nimechukua sitini. Wafanyakazi tuko wawili, na dada tarehe zake anaziweka kichwani.

Jumatano, 5 Machi
Jirani kaleta magunia mengine manne ya nguo. Mapato juu! Jioni dada kaja ofisini na shati mkononi, akaniambia mdogo wangu, nguo hizi ni safi, na mapazia haya niliyafua jana. Nikamwambia ayafue tena. Akasema huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Nikamjibu kwamba dobi hawezi kuelewa ukuaji. Kaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 7 Machi
Mwekezaji kaja saa nne. Kasoma taarifa yangu taratibu, kakataa chai. Akauliza swali moja tu: kati ya wateja wangu, ni wangapi ambao hawalipi kwa pesa zake? Nikaanza kuhesabu. Akasubiri. Nikaendelea kuhesabu. Akasema ametoka kwa jirani, na huko mteja mkubwa kuliko wote ni mimi. Katufungia kampuni wote wawili kabla ya saa sita.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kazunguka mlango kwa mlango kuwaomba radhi wateja aliowaacha kwa ajili yangu. Kumi na mmoja wamerudi. Wengine walishapata dobi mwingine. Kodi ya chumba chake cha kufulia ni mwisho wa mwezi. Nimeona aibu, tena ya kweli. Nimemwomba kazi. Kanipa pasi na kigoda.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepiga pasi mashati ishirini, nimeunguza moja tu. Mchana nikatumwa kurudisha nguo. Mwenye duka la dawa kalipa bei kamili kutoka mfukoni mwake, huku analalamika. Wote wanalipa hivyo! Nikasimama njiani kutafakari. Wateja wa kweli ndio alionidai Mwekezaji. Lakini kumi na mmoja ni wachache, hawamshtui mtu. Wakifika mia, nitampigia simu. Kwa hiyo nimerudi nyumba zote na kuwatangazia kuwa kuanzia kesho wanafuliwa bure hadi Juni, na wawaambie majirani. Wamefurahi mno. Dada bado hajui.