Koti la Mifuko Kumi na Minne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tiketi imetoka! Ya kwenda na kurudi, jina langu herufi kubwa, halina kosa hata moja. Nimeisoma mpaka chai imepoa. Miaka yote hii nimewashonea suti wasafiri wa mtaa mzima. Suti zangu zimefika ng'ambo, mimi mwenyewe sijavuka mpaka hata kwa bahati mbaya. Ijumaa navuka. Peke yangu! Asante Mungu, asante cherehani.

Kuna kikwazo kimoja tu. Tiketi ya bei hii haina mzigo. Begi moja la mgongoni, kilo saba, basi. Na haibadilishwi siku wala hairudishwi. Nikiikosa ndege ya Ijumaa ndiyo imekwenda hiyo. Kupata nyingine itabidi nishone mpaka nipofuke.

Nilikosea kulisema hilo mezani kwa Dada. Shemeji, mumewe, alisafiri mara moja maishani, na masanduku matatu, na tangu siku hiyo hakuna mlo unaopita bila "nilipokuwa ng'ambo". Alicheka hadi maji yakampalia. Ati mtu wa begi moja atarudishwa mlangoni. Nikajipiga kifua kwamba nitakwenda mikono mitupu na kila siku nitavaa nguo nyingine. Dada akasema nile kwanza, chakula kinapoa.

Atanijua mimi nani, huyo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Lo! Habari imeenea. Shangazi kaleta blanketi la sufu, ati baridi ya huko haina adabu. Kinyozi, tunayegawana naye ukuta wa duka, kaleta mwavuli. Dada kaleta sweta, soksi, dawa ya tumbo, dawa ya kichwa, na dawa ya kutuliza zile dawa nyingine. Shemeji kaleta pasi. Pasi! Ya chuma! Ati alipokuwa ng'ambo alijuta kuiacha nyumbani. Naapa kaleta makusudi.

Nimeenda kupima kwenye mizani ya muuza sukari. Kilo saba zimeisha kabla sijafika kwenye suruali.

Kukataa nako siwezi. Shangazi kashona pindo la blanketi kwa mkono, na macho yake yale yasiyoona vizuri. Nilimshukuru mpaka nikaona haya. Nina watu, jamani. Tatizo lao ni uzito tu.

Nikiwa bado dukani kwa muuza sukari, wazo likanijia nusura nianguke. Mizani ya uwanja wa ndege inapima begi. Haipimi mtu!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefunga duka, nimeweka kibao kwamba fundi anaumwa. Fundi haumwi. Fundi anashona koti la karne!

Kitambaa kizito cha kijivu. Nje halina hata mfuko mmoja, limetulia kabisa. Ndani ya bitana, mifuko kumi na minne. Kipimo changu ni pasipoti: mfuko unaoimeza pasipoti unameza soksi, dawa na kila kitu cha maana. Naichomeka, naichomoa, nahamia mfuko wa pili. Blanketi nimelitandaza mgongoni lote. Mwavuli umefuata uti wa mgongo. Pasi iko ubavuni, Shemeji na alaaniwe.

Kila kitu kilipoingia nikamalizia kama ninavyomalizia koti lolote jipya: mifuko yote nikaifunga midomo, koti lisipoteze umbo. Wateja huwa nawafumulia wakija kuchukua. Mikono yangu hufanya hivyo bila kuniuliza. Safari hii nikatumia uzi wa kushonea mabegi, nyuzi mbili mbili, kisitoke hata kidonge.

Nimelijaribu. Nikisimama naonekana mtu mwenye nafasi zake. Nikikaa, siinuki.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hatua ya mwisho. Nimewaambia wote nasafiri Jumamosi. Kwa nini? Kwa sababu Dada akija kunisindikiza atalia, Shangazi ataleta blanketi la pili, na Shemeji atalipapasa koti. Safari ya peke yangu ni ya peke yangu. Nitawapigia simu nikiwa tayari ng'ambo, waishie midomo wazi.

Siku ya kweli nimemwambia kinyozi tu. Alikuwa na wembe shingoni kwangu, mtu unalainika. Ameapa hatasema.

Kulala siwezi. Kesho navuka!

Ijumaa, tarehe 7 Machi. Angani!

Acha nianze mwanzo.

Nimefika uwanjani najikokota, jasho kama mpishi. Binti wa kaunta akaweka begi langu kwenye mizani. Kilo tatu! Tatu tu! Akanisifu, ati abiria wote wangekuwa kama mimi. Nikatamani Shemeji angesikia. Kisha akaniomba pasipoti.

Nikapapasa begi. Hamna. Nikapapasa suruali. Hamna. Nikapapasa koti, nikaigusa. Ipo! Ndani ya bitana, chini ya pasi, mfuko wa kumi na nne, ule niliopima mwisho nikasahau kuichomoa. Imefungwa kwa uzi wa mabegi, nyuzi mbili.

Mama yangu wee!

Nikalivua koti, nikavuta bitana kwa nguvu zangu zote. Haikuchanika hata kidogo. Sijawahi kuichukia kazi yangu namna ile. Mkasi nimeuacha dukani, ati nisafiri mwepesi. Nikamwomba binti mkasi. Akasema hawaruhusiwi kumpa abiria kitu chenye makali, na kwamba kaunta inakaribia kufungwa, na tafadhali nisogee wenzangu wapite. Nikasogea. Nikakaa sakafuni na koti langu mapajani, nikaona safari yangu inaondoka bila mimi. Nilitaka kulia.

Mara nikasikia nyuma yangu mtu akieleza kwa sauti jinsi alivyopita kaunta hiihii alipokuwa akienda ng'ambo. Shemeji! Na Dada! Na Shangazi, na kinyozi yule muongo, anatazama viatu vyake! Kumbe walikuwa wamejibanza nyuma ya nguzo tangu asubuhi. Dada anasema hawakutaka kunikera. Walitaka tu kuniona nikipita.

Nikawaambia kwa kigugumizi. Dada akapiga magoti, akainamia koti, akang'ata uzi. Mama alipotutoka ni yeye aliyenilea, na ni yeye aliyenifundisha kushika sindano, na siku zote hukata uzi kwa meno. Nimemgombeza mara ngapi kwamba si ustaarabu! Leo ameng'ata mfuko mmoja baada ya mwingine mbele ya umma. Zikatoka soksi. Zikatoka dawa. Mwavuli ukafunguka wenyewe, foleni nzima ikacheka. Ikatoka pasi. Ikatoka pasipoti.

Binti wa kaunta naye alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akanipa kadi ya kupandia ndege, ya mwisho kabla hajafunga.

Nikamsubiri Shemeji aseme. Nilistahili. Akaikwapua pasi, akaikumbatia na blanketi juu yake, kisha akavua koti lake mwenyewe akanivisha, maana langu lilikuwa matambara. Hakusema neno. Nimemshukuru kwa hilo kuliko hata kwa koti.

Nimepaa. Nimelia dirishani kama mtoto. Jirani wa kiti kanipa kitambaa cha karatasi, akidhani naogopa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi. Ng'ambo, chumba cha wageni

Siku zimekwenda, na begi la kilo tatu limenitosha kabisa. Baridi kweli haina adabu, lakini koti la Shemeji lina joto. Nimetembea mpaka soli zimelika. Nimesimama mbele ya madirisha ya mafundi wa hapa nikahesabu makosa yao. Nimefurahi, sijui niseme vipi.

Nimempigia simu Dada. Jino linamuuma kidogo tangu siku ile, anasema si kitu. Shemeji sasa hasemi "nilipokuwa ng'ambo", anasema "shemeji yangu aliye ng'ambo".

Kesho narudi. Nimewaambia nafika Jumapili, wasihangaike. Kinyozi nimemtumia siku ya kweli.

Na Dada nimemnunulia zawadi asije akaumiza meno tena: mkasi! Mrefu, wa chuma safi, unakata hata turubai. Kwenye begi wangeuona. Kwa hiyo nimeazima sindano na uzi kwa mama mwenye nyumba, nikaushonea ndani ya bitana ya koti la Shemeji. Uzi wa mabegi, nyuzi mbili mbili. Mfuko umekaa sawasawa kabisa, nimeupima kwa pasipoti.