Foleni Iliyokishinda Kisiwa cha Risasi

Wananchi wote wa Isiolo wenye simu na vidole vya kutosha walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi wataacha kucheza Kisiwa cha Risasi, gemu ya kigeni, na kuhamia Huduma Bora, gemu ya nyumbani. Kuhama ni kwa hiari. Majina ya watakaokataa yataandikwa.

Mtunzi wa tangazo hilo alikuwa Bwana Mureithi, Mkurugenzi wa Idara ya Vibali na Burudani. Zamani idara ilitoa vibali tu, vya biashara na vya kusafirisha mifugo, tena kwa utaratibu usio na papara. Kisha serikali ikaitwika na furaha ya vijana. Vibali havikuwa na tarehe ya mwisho. Furaha ilipewa siku tisini.

Mureithi akaenda mwenyewe mtaa wa Bula Pesa, kwenye ukumbi wa gemu wa Habsa. Viti vilikuwa ishirini, na vyote vimekaliwa na watu wanaomiminiana risasi.

"Salaam aleikum, Direkta," Habsa alisema.

"Habari. Nimekuletea mbadala wa kimkakati."

Habsa akaifungua gemu hiyo. Mchezaji alianzia mkiani mwa foleni akiwa na faili kwapani. Akifika dirishani na kupigiwa mhuri, ameshinda. Zawadi yake ni kuwa karani kwa saa moja.

"Sasa hapa tunapiga nani?"

"Hakuna kupigana. Ni kungoja kwa ushindani."

Habsa akamtazama kwa huruma. "Direkta, mtu hawezi kuacha harusi iko na watu aende ile iko na viti. Hawa marafiki wao wote wako Kisiwani."

"Marafiki watahamishwa," Mureithi akasema, akaliandika hilo kwenye daftari.

Wiki mbili zikapita. Huduma Bora ikawa na wachezaji kumi na mmoja. Kumi walikuwa watumishi wa idara, walioamriwa. Wa kumi na moja alikuwa Mzee Abduba wa Garbatulla, ambaye upepo ulimpokonya nusu ya tangazo, akadhani sasa vibali vinaombwa huko. Alikuwa na mwezi wa nane akisubiri ruhusa ya kupeleka mbuzi wake sokoni. Binti yake akamwekea gemu kwenye simu, mzee akashika foleni. Watumishi kumi waliomtangulia walikuwa wameenda chai. Akafika dirishani kwa dakika tatu.

Mhuri ukagonga. Ofisini, printa ikaamka na kutema kibali cha mbuzi arobaini, halali, chenye nambari.

Kumbe fundi wa gemu, kwa kubana matumizi, alikuwa ameiunganisha na mtambo wenyewe wa vibali. Mureithi akaunda kamati mara moja kuchunguza ni nani aliyesababisha mwananchi kuhudumiwa.

Kamati haijapata hata kiti, mbuzi walikuwa wameshateremka sokoni, na mji mzima unauliza wamepitia wapi. Habsa, ambaye kibali chake cha biashara kilikwama tangu mwaka juzi, aliingia kwenye foleni asubuhi, akashinda, akakaa ukarani, na ndani ya saa moja akawahudumia watu hamsini. Kufikia Ijumaa, viti vyote ishirini pale ukumbini vilikuwa kwenye foleni. Kisiwani kulibaki bunduki tu, zimetupwa mchangani.

"Nipige mtu simjui ya nini," Habsa aliwaambia wateja, "na naweza kushinda karani namjua?"

Barua ya pongezi ikafika kutoka makao makuu. Mureithi akaagiza soda, akawapanga watumishi uani, akaisoma kwa sauti nzito: yeye ndiye wa kwanza nchini kuwanyang'anya wapinzani wa muda mrefu wachezaji wao! Vibali elfu moja kwa wiki! Watu wakapiga makofi. Akageuza ukurasa. Kwa kuwa viti vya ofisi vinazaa matunda zaidi vikishindaniwa, kuanzia Jumatatu vyote vitajazwa kupitia gemu, kikiwemo cha Mkurugenzi.

Soda ikamwagika kwenye kiatu.

Jumatatu alikuwa kwenye kiti namba kumi na nne kwa Habsa, shati limemganda mgongoni. Hakuwahi kucheza gemu hiyo hata mara moja.

"Songa, Direkta," Habsa akasema. "Lakini usiruke mtu, utafungiwa."

Alisonga. Aliyekuwa zamu dirishani ni Mzee Abduba, ambaye gemu ilikuwa imemkolea hata akaongoza jedwali la washindi.

"Kijana, unataka nini?"

"Naitwa Mureithi, mzee. Naomba kiti changu cha ukurugenzi."

Kwenye vipokea sauti mbuzi wakasikika wakilia.

"Hicho hakuna mtu ameomba," mzee akasema. "Tumekiangalia, tumeona hakina kazi. Lakini dirisha la tatu liko wazi. Unajua kupiga mhuri?"

Mureithi akawaza miaka yake ishirini na miwili ya utumishi.

"Nitajifunza."

"Basi anza saa hii. Watu wanangoja."