Utepe wa Buluu kwa Mbwa Dume

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la taka kwa kuwa gari la matangazo lilikuwa gereji, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna raia atakayejichagulia mbwa mdogo wa kufuga. Kuchagua kati ya dume na jike ni jambo zito, na wananchi wamekuwa wakilifanya kiholela, kwa kupenda tu. Sasa kazi hiyo ni ya Bodi.

Mwenyekiti wa Bodi alilisikiliza tangazo dirishani, mikono nyuma, akaona nchi imepumua. Waziri alikuwa amemwahidi: uamuzi wa kwanza ukitoka bila aibu, Bodi itapandishwa kuwa Mamlaka kamili, naye atakuwa Mkurugenzi Mkuu mwenye gari na dereva. Alishaanza kukaa kiti cha nyuma hata kwenye gari la shemeji yake.

Mwombaji wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Dada yake alihama akamwachia mbwa wawili wadogo wenye manyoya kama pamba ya mto, dume na jike. Sheria mpya iliruhusu mmoja kwa nyumba.

"Mimi yeyote tu, baba," alisema fundi. "Nakaa peke yangu. Nataka wa kunipokea nikirudi."

"Yeyote si jinsia, mama," Mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Kaa hapo kwenye benchi."

Mbwa wote wawili wakabakizwa ofisini mpaka Bodi iamue. Kanuni ya kwanza Mwenyekiti aliitunga mwenyewe: mjumbe asimwinue mbwa akamtazama chini kabla ya uamuzi, maana kutazama ni kupendelea. Kwa hiyo jinsia ilibidi itambuliwe kwa mwenendo. Yule aliyebweka na kupanda kiti cha Mwenyekiti bila kukaribishwa akavikwa utepe wa buluu, akawa dume. Mpole aliyelala chini ya meza akiafiki kila hoja akapewa utepe wa waridi, akawa jike. Mwenyekiti alimpenda wa buluu palepale. Alijiona.

Vikao vikaanza.

"Dume atainua mguu kila penye nguzo," alisema mhasibu. "Na jengo hili lina nguzo."

"Na jike akifikia msimu wake?" akauliza mwanasheria. "Wachumba watajaa getini. Mlinzi wetu mwenyewe anaogopa mbwa."

"Jike ametulia. Ana akili ya nyumbani."

"Dume ana mapenzi yasiyobadilika."

"Wewe mapenzi umeyajulia wapi, bwana? Shemeji si kakurudisha kwa mama yako?"

Kikao kikaahirishwa ili wajumbe wanywe chai, kila upande meza yake.

Wiki zikapita. Fundi alipita kila akitoka kazini, akachungulia mlangoni.

"Huyu wa buluu mbona kanenepa hivi?" aliuliza siku moja. "Mnampa nini?"

Mwenyekiti akajipapasa tumbo lake mwenyewe. "Madaraka, mama. Madaraka hujaza mwili."

Hatimaye dume akashinda. Waziri akaja na wapiga picha, Mwenyekiti akasimama, akakohoa kitaalamu.

"Bodi imejiridhisha," alisoma, "kwamba dume ndiye anayefaa. Hana msimu, hana wachumba, na kubwa zaidi, hawezi kumshtukiza mfugaji kwa watoto."

Waziri akapiga makofi, akageuka akae kwenye kiti cha Mwenyekiti. Hakukaa. Aliinama, akatazama kwa muda.

"Mwenyekiti."

"Mheshimiwa."

"Dume wako anazaa."

Mwenyekiti akasogea. Mbwa wa buluu alikuwa anamlamba mtoto wa tatu, na wa nne yuko njiani.

"Hilo, Mheshimiwa, Bodi bado haijalikalia kikao."

Hapo mbwa wa utepe wa waridi akatoka chini ya meza, akajinyoosha, akaenda mpaka kwenye nguzo ya bendera, akainua mguu.

"Na huyu ndiye bibi?" akauliza Waziri.

Mwanasheria aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Kamera zilikuwa zinamwangalia Waziri, kwa hiyo Waziri akatamka kile ambacho kamera hupenda: mama mzazi hahamishwi, na mwenye mbwa aitwe amtunze hapohapo.

Fundi akaja na cherehani yake, akaiweka karibu na dirisha la Mwenyekiti ambako mwanga ni mzuri. Watoto walipoacha kunyonya, waombaji wakaanza kuingia.

"Unampenda yupi, mwanangu?"

"Yule mwenye sikio moja jeusi."

"Mchukue. Nani anafuata?"

Foleni ikasogea kwa kasi ambayo jengo lile halijapata kuiona. Mwenyekiti, ambaye nyumbani kwake kulikuwa kimya tangu simu za pongezi zilipokatika, naye alipanga mstari kama watu wengine. Zamu yake ilipofika alikuta amebaki mtoto mmoja. Akasimama akimfikiria.

"Mzee, amua basi," walinung'unika wa nyuma. "Yupo mmoja tu, unachagua nini?"

Mtoto wa mbwa akaja mwenyewe, akauma kamba ya kiatu chake, akang'ang'ania.

"Huyu ni dume au jike?" Mwenyekiti aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi hakuinua kichwa kwenye mshono wake. "Si umwinue umtazame, baba."

Mwenyekiti akaangalia kwanza huku na huku, halafu akamwinua.